Kuona vilima vya Bukavu kwenye simu kabla hujavipanda
Mimi napeleka mizigo kwa pikipiki kutoka ziwani hadi Kadutu, mtaa wa juu mlimani hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Ramani bapa imeshanidanganya sana: inasema ni karibu, kumbe ni ukuta.

Ukipata Wi-Fi, pakua ramani ya Kivu kwenye Organic Maps (programu ya ramani ya simu), bonyeza kitufe cha tabaka, washa kontua, yaani mistari inayoonyesha kimo cha ardhi. Mistari ikibanana kama meno ya kitana, hapo ni mteremko mkali: zunguka. Kisha chagua njia ya miguu, hata kama una pikipiki (mimi hufanya hivyo kila siku), uone mchoro wa kupanda na kushuka.

Kimo cha GPS kijaribu ukingoni mwa Ziwa Kivu: kisome takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Usitegemee korongo dogo lionekane kwenye ramani. Vipimo vingi vya bure vya kimo vilichukuliwa na chombo cha anga cha Endeavour mwaka 2000, kimoja kila mita 30 hivi, kwa hiyo vitu vidogo hupotea katikati.