Nyumba iliyohamwa Mji Mkongwe: pima kwanza, ndipo uamue kuvunja

Nyumba ya mawe na chokaa pale Unguja huanza kufa kwa juu. Bati likitoboka au mfereji ukiziba kwa majani, maji huingia kichwani mwa ukuta, chokaa ya ndani inalainika, na ncha za boriti zilizomo ukutani zinaoza. Lipu iliyobanduka na milango iliyolegea isikutishe. Kinachoamua ni ukuta.

Anza na timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni. Iteremshe kutoka juu, kisha pima nafasi kati ya uzi na ukuta juu, katikati na chini. Ukuta ulioinama kidogo lakini umenyooka unaweza kusimama miaka mingi. Uliotoa tumbo ndio wa kuogopa: uso wa nje umeachana na wa ndani, na kifusi cha katikati kinausukuma. Kwenye kila ufa mpana bandika kwa jasi kipande chembamba cha kioo, kishike pande zote mbili, andika tarehe, uache masika yapite. Kioo kikivunjika, ukuta bado unatembea; aitwe mhandisi kabla ya fundi. Kikibaki kizima, ufa huo umetulia na unazibika.

Boriti nazo zichome msumari wa inchi 4 pale zinapoingia ukutani. Msumari ukizama kwa nguvu ya mkono, boriti hiyo itolewe. Egemeza dari kwa miti kwanza, kisha badilisha moja moja, wala usizitoe kwa mkupuo. Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la hapo Mji Mkongwe, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na watu wakafa. Nyumba ya mawe huwa hatari zaidi siku inapoguswa.

Kazi ifuate maji: paa na mifereji, halafu boriti, halafu nyufa, lipu mwisho. Wengi huanza na lipu kwa sababu inaonekana, tena ya saruji. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani. Baada ya muda hubanduka na uso wa jiwe. Tumia chokaa iliyozimwa na kulowekwa wiki kadhaa, sehemu 1 kwa 3 za mchanga usio wa pwani. Lowesha ukuta, tabaka lisizidi sentimita 1, kisha funika kwa magunia mabichi lisikauke haraka. Dari ya zege usiweke. Kuta hizi zilijengwa kubeba boriti.

Kuvunja kuna mahali pake: tumbo limezidi, kioo kinavunjika kila mvua, na chini wanapita watoto. Hata hapo, kibali cha mamlaka ya Mji Mkongwe ni lazima, kwani mji uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000. Ukuta wa jirani uegemezwe kwanza, maana mara nyingi ni mmoja kwa nyumba mbili. Bomoa kwa mkono kutoka juu, na mawe, milango na boriti nzima uvitenge: vitatosha kuanzia ukarabati wa nyumba ya pili mtaani, ambako wapangaji bado wanaishi chini ya paa linalovuja.