Jinsi ya kuithibitishia benki anwani ya nyumbani ukiwa unafanya kazi nje

Kama unafanya kazi nje na bado una akaunti nyumbani, ipo siku benki itakuandikia ikitaka uthibitisho wa makazi, na mara nyingi inakuja wakati mbaya, kadi inakaribia kuisha muda au umeomba kuongezewa limiti ya kutuma hela au uko katikati ya mkopo wa kujenga. Sasa chumba ulichokuwa umepanga ulishakirudisha zamani, bili za kwenu zote zina jina la mzazi, na huko uliko una mkataba wa pango wa nchi nyingine kabisa. Usipaniki, na tafadhali sana usikimbilie kwa mtu wa kukutengenezea bili. Hili linamalizika ukiwa hukohuko mbali ila kitu cha kwanza sio karatasi, cha kwanza ni kujua unathibitisha nini.

Maana kuna anwani tatu na watu wanazichanganya. Ya makazi ni pale unapolala kweli siku hizi. Ya kudumu ni kwenu, pale ambapo hata ukipotea miaka mitano ukirudi ndo unapofikia. Ya barua ni pale bahasha inapofika tu, inaweza kuwa sanduku la posta au kwa ndugu. Fomu nyingi za benki zina nafasi ya kuzitenganisha lakini mtu anajaza ileile moja kote ili yaishe, alafu afisa akifungua akaunti anakuta kadi inatumika nchi nyingine kila siku, namba ya simu ni ya huko, mshahara unatoka huko, na juu ya fomu umeandika unaishi nyumbani. Hapo umejitafutia maswali mwenyewe.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, usithibitishe kwamba unaishi mahali usipoishi. Thibitisha kwamba anwani ya nyumbani ni yako kweli, na useme wazi kwamba kwa sasa uko nje kikazi. Ni vitu viwili, kila kimoja kina karatasi zake, na ukivitenganisha mapema mambo mengi yanakuwa mepesi. Kuna ambao nyumbani bado ndo makazi yao kweli, mabaharia kwa mfano, au mtu wa mkataba wa miezi michache anaeenda na kurudi, hao wana haki kabisa ya kuandika nyumbani kwenye makazi, waambatanishe tu mkataba wa kazi unaoonesha ni wa muda.

Inasaidia pia kujua amri inatoka wapi. Benki karibu dunia nzima zinafuata viwango vya FATF, chombo cha kupambana na utakatishaji fedha kilichoanzishwa 1989, na pendekezo lake namba 10 linataka benki imtambue mteja na kuhakiki taarifa zake kwa hati au data za kuaminika kutoka chanzo huru, na sio mara moja tu wakati wa kufungua akaunti, inatakiwa iendelee kuzihuisha. Ndo maana wanakurudia hata kama mko pamoja miaka kumi. Ila angalia, pendekezo lenyewe halijataja bili ya umeme popote. Bili ni chaguo la sheria za nchi na sera ya benki yako, na sera huwa ina orodha ndefu kuliko ile anayokutajia mtu wa kastoma kea kwenye simu. Kwa hiyo kabla hujaanza kusumbua ndugu, omba orodha kwa maandishi. Andika hivi:

"Habari. Mimi ni mteja wenu, akaunti yangu inaishia na tarakimu hizi nne. Kwa sasa nafanya kazi nje ya nchi kwa mkataba. Anwani yangu ya kudumu nyumbani haijabadilika. Naomba orodha ya hati mnazokubali kuthibitisha anwani hiyo, hati iwe imetolewa ndani ya miezi mingapi, kama nakala ya kielektroniki inatosha au lazima igongwe muhuri, na ni nani anaruhusiwa kugonga muhuri nikiwa huku. Naomba pia kujua kama akaunti yangu inatakiwa kuhamishiwa kundi la wateja wanaoishi nje."

Swali la mwisho watu wanaliogopa, wanaona kama wanajichoma. Lakini benki nyingi zina akaunti maalum za raia walioko nje, na humo wanakubali anwani mbili kwa pamoja, ya huko uliko na ya nyumbani, yaani tatizo lote la bili ya nyumbani linaweza kuisha hapo hapo kwa kupeleka mkataba wako wa pango wa ugenini pamoja na kibali cha kazi. Uliza tu makato na masharti ya hiyo akaunti kabla hujakubali, na kama una mkopo uliza kama hautaguswa.

Tuje kwenye hati zenyewe. Zinazobeba uzito zaidi ni zile zinazotoka serikalini zikiwa na jina lako na anwani, mfano barua au ankara ya mamlaka ya kodi, ya kodi ya jengo au kiwanja, cheti cha ukaazi kutoka ofisi ya serikali ya eneo lenu. Baada ya hapo zinakuja bili za umeme, maji, intaneti ya nyumbani, kisha stetimenti ya benki nyingine, bima, mkataba wa pango uliosajiliwa. Leseni ya udereva au kitambulisho vinafaa kama vimeandikwa anwani, na kama umeshakitumia kuthibitisha wewe ni nani, benki nyingi hazitakubali kikuthibitishie na makazi, watataka cha pili. Pasipoti kwenye makazi haikusaidii sana, nyingi hazina anwani au ina sehemu ya kujaza mwenyewe kwa kalamu. Bili ya simu ya mkononi inakataliwa sehemu nyingi sana, na sanduku la posta halihesabiki kama makazi kokote ninakokujua.

Kuhusu muda, kawaida ni hati isizidi miezi 3, wengine wanaruhusu 6, na za mwaka kama ankara ya kodi wanazipokea kwa mwaka husika. Hii ndo sababu ya kutokuomba hati mapema mno kabla benki haijakujibu, unaweza kuipata leo, ukazungushwa, ikazeeka mkononi.

Sasa hapa ndo pana balaa kubwa na ndo hati nyingi nzuri zinapigwa chini, majina na maandishi kutofanana. Fungua bili yako iweke pembeni ya pasipoti, soma neno kwa neno. Pasipoti ina majina matatu, bili ina mawili, au bili imeandika herufi ya kwanza tu ya jina la katikati, au dada ameolewa na benki ina jina la ukoo la mume wakati mita ya maji bado ina jina la kwao. Alafu anwani, kwenye mfumo wa benki imeandikwa nyumba namba 14, bili inasema kitalu 14B, cheti cha ukaazi kinataja kata bila namba yoyote. Wewe unajua ni nyumba moja, yule anaehakiki yuko kwenye kompyuta sehemu nyingine na kazi yake ni kulinganisha herufi. Dawa yake ni kurekebisha chanzo, piga simu shirika la maji au umeme waandike jina kamili kama la pasipoti na anwani kama ilivyo benki, wengi wanafanya hivyo kwa imeili au apu, alafu usubiri bili inayofuata. Kama jina limebadilika kwa ndoa au kisheria, ambatanisha cheti au kiapo cha majina kinachosema majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Usihariri PDF. Hata kama unarekebisha kosa la kweli, hata herufi moja, hati iliyoguswa ni hati ya kughushi na mifumo ya kukagua mafaili inaona imehifadhiwa na programu gani.

Wengi wetu hatuna bili yoyote kwa sababu nyumba ni ya wazazi. Hapo njia ni barua ya mwenye nyumba, yule ambae jina lake liko kwenye bili anaandika kwamba fulani ni mwanae, anwani yake ya kudumu ni hapa, kwa sasa yuko nje kikazi tangu mwezi fulani, anasaini, inaambatanishwa na bili yake na kopi ya kitambulisho chake, na ikiwezekana cheti chako cha kuzaliwa kinachoonesha uhusiano. Barua ikigongwa muhuri na serikali ya eneo au ikiapwa mbele ya wakili inakuwa na nguvu zaidi. Barua hiyo iseme ukweli, isiseme "anaishi hapa" kama huishi, mzazi asije akaitwa kujibu uongo kwa ajili yako. Na kama eneo lenu halina majina ya mitaa wala namba za nyumba, muombe kiongozi wa eneo aandike alama za kueleweka, shule, kanisa, msikiti, umbali kutoka barabara kuu, na uulize benki kama wanapokea mchoro wa ramani, wapo wanaopokea.

Kugonga muhuri ukiwa nje nako kuna mtego. Wakikwambia wanataka kopi iliyothibitishwa, chaguo la kwanza ni ubalozi au ubalozi mdogo (konseli) wa nchi yako, piga uulize miadi na ada. La pili ni mthibitishaji wa hati wa huko uliko. Ila muhuri wake benki ya nyumbani haiujui, ndo hapo inaingia apostili, cheti kinachobandikwa kwenye hati chini ya mkataba wa Hague wa 1961 na kwa kawaida kinatambulika kati ya nchi wanachama, ambazo zimeshapita 120. Angalia nchi zote mbili kama zimo, uliko na nyumbani, kwa sababu ikikosa moja utalazimika kwenda njia ndefu ya wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi. Kama benki ina tawi au ofisi ya uwakilishi nchi uliyopo anzia huko, wakati mwingine wanathibitisha wenyewe. Na lugha, hati za ugenini zitahitaji mfasiri anaetambulika.

Lipo jingine ambalo mtu hakwambii mpaka likubane, kodi. Tangu 2014 OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, wana mfumo unaitwa CRS, nchi zaidi ya 100 zinabadilishana taarifa za akaunti za watu wanaolipa kodi nchi nyingine, na mabadilishano ya kwanza yalifanyika 2017. Benki ikikupa fomu ya kujitangaza ukazi wa kikodi inauliza nchi gani wewe ni mkazi kwa mambo ya kodi na namba yako ya mlipakodi huko. Hii haifuati uraia wala mapenzi yako kwa kwenu. Nchi nyingi zinatumia kigezo cha siku 183 ndani ya mwaka, ila sio pekee, wanaangalia pia nyumba ya kudumu na familia na uchumi wako uko wapi. Chini ya mfumo huo benki inatafuta dalili, kama namba ya simu ya nje bila namba yoyote ya nyumbani, agizo la kudumu la kuhamishia hela akaunti ya nchi nyingine, mtu wa nje aliepewa mamlaka ya kusaini, au anwani pekee iliyopo ni ya kupitishia barua kwa mtu mwingine. Hakuna kosa kuwa na dalili hizi, zinaelezeka. Kosa ni kusaini fomu inayosema kinyume chake. Na ulie Marekani kuna sheria yao ya FATCA ya 2010 juu yake, inayotaka benki za nje ziripoti akaunti za walipakodi wa Marekani, jaza fomu zao sawasawa.

Kama hujaondoka bado, una bahati. Acha bili moja tu kwa jina lako kamili, hata ya maji, ilipwe kila mwezi kutoka akaunti hiyohiyo, na iwe inaingia kwenye imeili yako. Pita tawini mwenyewe uwaambie unaondoka, wakuwekee anwani ya pili na wakupe uthibitisho wa maandishi. Mpe ndugu unaemuamini idhini ya kukuchukulia cheti cha ukaazi, idhini ya kuchukua karatasi tu, sio ya kuendesha akaunti.

Wakati wa kutuma, tumia apu ya benki au ukurasa wao uliouandika mwenyewe kwenye kivinjari, usibofye linki ya kwenye meseji. Matapeli wanajua walioko nje wana wasiwasi na kufungiwa akaunti, na meseji ya "sasisha taarifa zako leo" ndo chambo chao, uhakiki wa makazi hauhitaji PIN wala namba ya siri ya mara moja. Kila kopi andika katikati kwa maandishi mepesi jina la benki, tarehe na "kwa uthibitisho wa makazi tu", ila uliza kwanza kama wanaruhusu maana wengine wanataka faili safi. Skani kurasa zote na kona nne zionekane, picha iliyokatwa inarudi. Ukimaliza omba namba ya kumbukumbu ya ombi, na wakijibu wamekubali ingia kwenye apu uangalie kama anwani imeandikwa sawa, nakili ilivyoandikwa herufi kwa herufi uitunze kwa ajili ya zamu ijayo.

Na laini ya simu ya nyumbani iweke hai. Ikikaa kimya muda mrefu inafungwa na namba anapewa mtu mwingine, ujumbe wa benki unaenda kwake. Weka vocha mara kwa mara, washa roaming, na siku kabla ya miadi ya video na benki omba mtu akutumie meseji kwenye namba hiyo uone kama inaingia.