Kuomba leseni ya redio ya kijamii Kanda ya Ziwa: hakikisha mnara wenu hauko majini

Mwongozo huu ni wa kikundi ambacho kimeshakaa, kimeshabishana na kimeshaamua: mnataka redio yenu wenyewe, yenye vipindi vya siasa za hapa hapa, haki za watu na utamaduni, bila kumpigia magoti mwenye kituo kila mnapotaka kumhoji diwani. Kikundi chetu kimetoka huko juzi tu. Mambo ya pasipoti saizi, kopi za vyeti na namba ya NIDA mnayajua, sitayarudia.

Kwanza jiulizeni kama leseni mnaihitaji kweli. Njia fupi ni kununua nusu saa kwa wiki kwenye kituo kilichopo. Mnasaini mkataba, mnalipa, mnaingia studio. Ubaya wake ni kwamba Kamati ya Maudhui ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ikiona kipindi kimevuka mstari, anayeitwa kujieleza ni mwenye leseni, si ninyi. Kwa hiyo mhariri wa kituo atataka mrekodi mapema, atasikiliza yote, na panapotajwa jina la mkubwa patakatwa. Simlaumu, naye ana mishahara ya kulipa. Kipindi cha Bagalu na Bagika, makundi mawili ya Wasukuma yanayoshindana, na ngoma zao kitapita bila shida mwaka mzima. Kipindi cha nani amepewa kizimba sokoni na nani amerukwa kitapita siku moja. Kama hayo mnaweza kuishi nayo, ishieni hapa, mmeokoa hela.

Mliobaki, tuendelee.

Usajili wa kikundi

Cheti cha kikundi cha kijamii kutoka halmashauri kinatosha kwa mkopo wa ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri. Kwa redio tafuteni kitu kizito zaidi. Njia ya wengi ni kusajili shirika lisilo la kiserikali chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, ambayo inaruhusu ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, ingawa maombi yenyewe yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni. Hakikisheni katiba yenu, kwenye ibara ya malengo, inataja utangazaji kwa jina lake. "Kuelimisha jamii" peke yake ni maneno matamu ambayo kila shirika nchini limeyaandika, na anayepitia faili lenu anataka kuona neno redio. Kurekebisha katiba baada ya usajili kunadai mkutano mkuu mwingine, muhtasari mwingine na foleni nyingine.

TIN ya shirika ichukueni mapema, ni rahisi.

Leseni ni mbili

Hapa ndipo vikundi vingi hushtuka. Ruhusa ya kutangaza maudhui ni kitu kimoja na ruhusa ya kutumia masafa ni kitu kingine, kila moja ikiwa na maombi yake na ada zake. Zote ziko chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 na kanuni zake. Maudhui hupangwa kwa ngazi za soko: taifa, mkoa, wilaya na jamii. Ninyi ni jamii, yaani si kwa faida, na mapato yenu yanarudi kwenye kituo. Msishawishiwe na mtu kuomba ngazi ya mkoa "ili msibanwe baadaye". Ada hupanda na ngazi.

Viwango vya ada visomeni kwenye kanuni za sasa, msimsikilize mtu anayevitaja kwa kichwa. Ada ya maombi hairudi hata mkinyimwa. Malipo yote ni kwa kontroo namba, na kontroo namba ina tarehe ya kufa, kwa hiyo msiiombe kabla michango haijatimia. Akitokea kijana nje ya ofisi yoyote akawaambia tumeni kwenye simu yake atawasukumia faili, mpeni pole na mpite.

TCRA ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Nendeni mkaulize kabla ya kujaza chochote. Swali la muhimu kuliko yote ni hili: katika eneo letu masafa ya FM yapo, au yamejaa? Mkanda wote ni megahezi 87.5 hadi 108, na jijini tayari kuna msongamano. Jibu la swali hilo linaweza kuamua kama mnara ukae Ilemela, Magu au ng'ambo ya Sengerema.

Ripoti ya kitaalamu, palipotuunguza

Maombi ya masafa yanataka mhandisi aeleze mnara utasimama wapi, una urefu gani, mtambo una wati ngapi na mawimbi yatafika wapi. Tulimpata fundi mmoja mwenye kadi nzuri ya biashara. Akatuletea ripoti yenye jalada la plastiki na ramani ya rangi, tukamlipa yote. Maombi yakarudi: mahali palipoandikwa kwenye fomu hapalingani na kiwanja tulichokodi. Na kodi ya kiwanja ilikuwa inatembea.

Tatizo lilikuwa kodineti, na naeleza kwa kirefu kwa sababu hakuna aliyetueleza. Mahali duniani huandikwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni nyuzi na dakika. Jiji la Mwanza, kwa mfano, lipo kwenye nyuzi 2 dakika 31 kusini, nyuzi 32 dakika 54 mashariki. Ya pili ni desimali, na hapo dakika lazima zigawanywe kwa 60: dakika 31 zinakuwa 0.517 na dakika 54 zinakuwa 0.9. Kwa hiyo Mwanza kwa desimali ni 2.517 na 32.9. Fundi wetu alichukua dakika za kiwanja chetu akazibandika tu nyuma ya nukta. Ukifanya hivyo kwa Mwanza mjini unapata 2.31 na 32.54, umehama zaidi ya kilomita 40 kuelekea kaskazini magharibi, uko pande za Kisiwa cha Kome. Sisi tulikuwa majini kabisa. Fundi alipopigiwa simu aliomba nauli ya kuja kurekebisha.

Kosa la pili ni la alama ya kusini. Kwenye desimali, kusini mwa ikweta huandikwa kwa alama ya kutoa: -2.517. Ikidondoka hiyo alama, mnara wa Mwanza unaota Uganda, kaskazini kidogo ya mji wa Lira. Huko mtatangaza bei ya dagaa wa Kirumba kwa watu ambao hawajawauliza.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa mtu: simameni kwenye kiwanja, fungueni ramani ya simu, bonyezeni mahali mliposimama mpaka namba zitokee, ziandikeni. Kisha linganisheni na ripoti, tarakimu kwa tarakimu. Namba hizo hizo, kwa mtindo huo huo, ziwe kwenye ripoti, mkataba wa kiwanja, maombi ya kibali cha ujenzi halmashauri, na barua ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu urefu wa mnara. Barua hiyo ya anga msiidharau, hasa mkiwa Ilemela ulipo uwanja wa ndege.

Angalieni pia mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ripoti ikisema kitako cha mnara kipo mita 900, mnajua mwandishi wake hajakanyaga kiwanja.

Na mawimbi ya FM hutembea kwa kuonana. Kwenye majabali yetu mnara mfupi juu ya kilima hufika mbali kuliko mrefu ulio bondeni, na nyuma ya jabali kunakuwa kimya. Lakini upande wa maji hakuna kinachozuia. Hiyo ni neema kwa wavuvi wa visiwani na ni maswali zaidi kwenye faili, kwa sababu ziwa hili ni la nchi tatu na masafa ya FM hupangwa kwa kuzingatia makubaliano ya kimataifa ya Geneva ya 1984. Antena inayoelekeza mawimbi nchi kavu, au visiwani tu, hupunguza maswali hayo. Mwambieni mhandisi aiandike tangu mwanzo.

Mtambo wenyewe msinunue mpaka masafa yatoke. Antena hutengenezwa kulingana na masafa, na vifaa vya mawasiliano lazima viwe na idhini ya TCRA. Ule mtambo wa bei poa ambao binamu wa mtu anaujua, achaneni nao.

Jamii iseme yenyewe

Redio ikiitwa ya jamii, onyesheni jamii. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji au mtaa wenye mahudhurio na sahihi una uzito kuliko barua kumi za watu wakubwa. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, ukiwapita mnasubiri msimu mwingine, kwa hiyo ombeni mapema kuingia kwenye ajenda, tena kabla ya "mengineyo". Siku hiyo hiyo, kabla watu hawajatawanyika, gongesheni muhuri. Muhuri wa kijiji husafiri na mtendaji, na mtendaji husafiri sana. Akiwa semina hata nyumbani kwake hawajui atarudi lini. Kwa wavuvi, barua ya BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, inasaidia, maana wengi wao hamtawapata mkutanoni mchana.

Hilo la wavuvi liingie pia kwenye ratiba ya vipindi mtakayoambatanisha. Wa dagaa huvua usiku wa giza na kulala mchana. Mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika. Ratiba iliyopangwa hivyo inaonyesha mnawajua wasikilizaji wenu. Iliyonakiliwa kutoka kituo cha Dar es Salaam, yenye kipindi cha foleni za asubuhi, inaonyesha kinyume.

Lugha za matangazo ni Kiswahili na Kiingereza. Kisukuma, Kikerewe au Kijita mpaka TCRA iruhusu. Nyimbo za asili pigeni, mtangazaji afafanue kwa Kiswahili.

Siasa iandikwe kwenye karatasi

Wengi huificha siasa kwenye maombi, wakiandika "kilimo, afya na burudani", kisha wiki ya pili wanamwita mbunge. Binafsi naona ni ujinga. Andikeni wazi kwamba mtakuwa na vipindi vya uwajibikaji, kisha ambatanisheni sera ya uhariri inayojibu maswali magumu: anayetuhumiwa anapewaje nafasi ya kujibu, mgombea mmoja akija na mwenzake asipokuja mnafanya nini, nani ana mamlaka ya kukata simu ya msikilizaji anayetukana moja kwa moja hewani, majina ya watoto na waliobakwa yanalindwaje. Wakati wa uchaguzi kanuni zinadai vyama vipewe fursa sawa, na kiti kitupu studioni kinahitaji maelezo yaliyoandikwa kabla, si baada.

Suala la watu ni gumu zaidi. Kazi ya uandishi wa habari inadai angalau stashahada na ithibati ya Bodi ya Ithibati, JAB. Mama lishe wenu mwenye sauti ya dhahabu anaweza kuwa mgeni wa kudumu wa kipindi, lakini habari ziandaliwe na mwenye sifa. Wekeni vyeti vya angalau wawili.

Kwenye bajeti msiandike "wafadhili" mkaishia hapo. Andikeni vyanzo vinavyojulikana: matangazo ya vifo, salamu, minada, matangazo ya vikoba. Na umeme wa akiba muuweke kama gharama ya kila mwezi, TANESCO au sola, mtajua wenyewe.

Mkishawasilisha, pakueni uthibitisho wenye namba ya maombi na muuhifadhi sehemu mbili. Barua pepe iliyosajiliwa iwe ya shirika, si ya katibu. Sisi katibu wetu alihamia Kahama na nywila yake. Ifungueni kila siku, kwa sababu hoja za ufafanuzi huja humo na zina muda wa kujibiwa.

Leseni zikitoka, kabla ya kupiga wimbo wa kwanza mna jambo moja la kuwauliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki: muziki una hakimiliki na kituo kinatakiwa kuwa na leseni yake. Orodha ya nyimbo mnazopiga ianze kuandikwa tangu siku ya majaribio, na pawepo mtu mmoja mwenye kazi hiyo, mwenye daftari.