Somo: Kurudisha waifai iliyopotea baada ya kusasisha kerneli ya Linux

Waifai ikitoweka mara tu baada ya kusasisha kerneli (kiini cha mfumo wa Linux), usikimbilie kusakinisha mfumo mzima upya, kwa sababu mara nyingi kadi ni nzima na kinachokosekana ni draiva (programu inayoiendesha kadi) iliyojengwa kwa ajili ya kerneli mpya. Draiva zilizomo ndani ya kerneli husasishwa pamoja nayo. Zile zinazosakinishwa kando, kama baadhi za kadi za Broadcom na Realtek, hujengwa kwa toleo moja la kerneli, na toleo likibadilika hazina budi kujengwa tena.

Hatua ya 1. Washa upya kompyuta, fungua menyu ya GRUB (ya kuchagua mfumo kompyuta inapowaka), kisha chagua kerneli ya zamani. Waifai ikirudi, umejua kwamba kadi haijaharibika. Naisisitiza hatua hii kwa kuwa wengi huiruka, wakapoteza siku nzima wakihangaikia kadi isiyo na kosa.

Hatua ya 2. Rudi kwenye kerneli mpya, fungua terminali na uandike `lspci -k`. Chini ya jina la kadi tafuta mstari unaoanza na "Kernel driver in use". Usipokuwepo, maana yake kadi imeonekana lakini hakuna draiva iliyoishika. Ukiwepo, tatizo liko kwingine: `rfkill list` itakuonyesha kama waifai imezimwa, na `sudo dmesg` kama fimwea (programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe) imekosekana.

Hatua ya 3. Andika `dkms status` uone kama draiva yako imejengwa kwa toleo linalotajwa na `uname -r`. DKMS hujenga draiva upya kila kerneli mpya inapoingia, lakini haiwezi kufanya hivyo bila faili za vichwa (headers) vya kerneli hiyo, zinazohitajika kujengea draiva. Unganisha simu kwa waya wa USB ili upate intaneti, kisha, kwenye Ubuntu au Debian, andika amri hizi:

`sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`
`sudo dkms autoinstall`

Ujenzi ukikwama, soma faili ya make.log iliyo ndani ya /var/lib/dkms. Mara nyingi msimbo wa draiva umepitwa na kerneli, hivyo tafuta toleo jipya la draiva na uendelee kutumia kerneli ya zamani hadi ulipate.

Maswali ya wanachama

Swali: Draiva imejengwa vizuri, lakini modprobe (amri ya kupakia draiva) inajibu "Key was rejected by service". Nifanyeje?

Jibu: Secure Boot, yaani kinga ya kompyuta inayokubali tu programu zenye sahihi inayoitambua, imeikataa draiva kwa sababu haiutambui ufunguo uliotumika kuitia sahihi. Kwenye Ubuntu andika `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, weka nenosiri, uwashe upya, na kwenye skrini ya buluu chagua "Enroll MOK", kisha uweke nenosiri lile lile. Ukiiacha skrini hiyo ipite, itakubidi uanze tena.

Swali: Tatizo hili hunirudia kila ninaposasisha. Nilizuieje?

Jibu: Sakinisha `linux-headers-generic` kwenye Ubuntu (au `linux-headers-generic-hwe-24.04` kama ni Ubuntu 24.04 inayotumia kerneli mpya zaidi za HWE), au `linux-headers-amd64` kwenye Debian ya biti 64, ili vichwa viingie pamoja na kila kerneli mpya, na usiifute kerneli ya zamani kabla hujahakikisha kwamba mpya inashika waifai.