Unataka kubishana usajili wa rilifa kwenye besiboli? Anzia hapa

Kila Novemba, World Series (fainali ya ligi kuu) ikiisha tu, mashabiki wa besiboli Marekani wanaanza kurushiana maneno kuhusu rilifa, yaani yule mrushaji anayeingia kumpokea aliyeanza mechi, na hasa kloza, anayeletwa iningi ya tisa, yaani awamu ya mwisho ya mechi, kuimalizia. Mi ni wa Mets, timu ya New York, na hii ishu nimebishana miaka mingi, kazini, kwenye gari, kwa simu na binamu yangu mpaka usiku wa manane, so najua wapi watu wanateleza.

Kwanza elewa mchezaji anakuwaje huru kusaini na timu yoyote. Lazima atimize miaka 6 ya utumishi ligi kuu, na mwaka unahesabiwa umetimia akifikisha siku 172. Sasa piga hesabu, kijana amepanda akiwa na miaka 24 au 25, siku anayokuwa huru ana 30 au zaidi na mkono umeshatumika sana. Ndo maana mtu akikwambia "timu yetu imchukue" swali la kwanza lisiwe hela, muulize mkataba wa miaka mingapi.

Pili achana na sevu, yaani alama anayoandikiwa rilifa akimaliza mechi na kulinda uongozi mdogo wa timu yake. Kloza anaweza kuingia iningi ya tisa timu inaongoza kwa 3, akaruhusu 2, jasho linawatoka wote, na bado akaandikiwa sevu yake. Mwangalie kloza Wade Davis. Timu ya Rockies ilimpa miaka 3 kwa dola milioni 52, mwaka 2018 akapata sevu 43, nyingi kuliko mtu yeyote National League (nusu moja ya ligi kuu), watu wakasema mmeona! Lakini ERA yake, yaani pointi anazoruhusu mrushaji kwa kila iningi 9 bila kuhesabu zilizotokana na makosa ya wadakaji (ikiwa ndogo ndo nzuri), mwaka huohuo ilikuwa juu ya 4, dalili zilikuwepo, na 2019 ikapaa mpaka 8.65. Majira yaleyale ya baridi Rockies walikuwa wamewapa Bryan Shaw na Jake McGee milioni 27 kila mmoja, miaka mitatu mitatu, ukijumlisha na Davis ni milioni 106 kwa rilifa watatu. Shaw na McGee waliachwa Julai 2020 kabla mikataba haijaisha. Huu mfano uwe nao kichwani muda wote.

ERA nayo usiiamini kichwakichwa. Kwa anayeanza mechi inasaidia sana, ila rilifa anarusha kama iningi 60 hivi kwa msimu mzima, ni kidogo mno. Chukua karatasi. Iningi 60, pointi 20, ERA ni 3.00, huyo mzuri. Sasa usiku mmoja mambo yakamharibikia, akamtoa mpigaji mmoja tu (theluthi ya iningi) na kuruhusu pointi 5, ERA inaruka mpaka 3.73. Mtu yuleyule, mkono uleule, usiku mmoja! Halafu mtu anakuja na hiyo 3.73 anakwambia jamaa kaisha.

Mi naangalia straikiauti (kumtoa mpigaji kwa straiki tatu) na besi za bure (mpigaji kupewa besi ya kwanza kwa sababu mrushaji amekosa shabaha mara nne), kwa sababu pale hakuna mdakaji wa kumsaidia wala wa kumharibia, ni yeye na mpigaji. Edwin Díaz, kloza wa Mets, 2022 alipiga straikiauti 118 ndani ya iningi 62 na besi za bure akatoa 18 tu. Ukiona namba za hivyo unajua huyu hajabahatisha. Mets wakampa miaka 5, milioni 102, rilifa wa kwanza kuvuka milioni 100, na mi nilishangilia sikatai.

Halafu ikaja Machi 2023. Puerto Rico wamewafunga Dominican Republic kule Miami kwenye World Baseball Classic (mashindano ya timu za taifa), wachezaji wanarukaruka katikati ya uwanja, mi nipo breki kazini naangalia kwenye simu, ghafla naona Díaz yuko chini kashika goti na wenzake wamenyamaza. Msimu mzima ukaisha hajarusha mpira hata mmoja. Nilikaa na ile simu mkononi mpaka breki ikaisha. So ukibishana kumbuka kwamba hata ukisoma namba zote vizuri mwili una mambo yake, na aliyeumia usimtukane, hakujitakia.

Wengine watakwambia timu yenye hela haina shida. Waambie Dodgers, timu tajiri ya Los Angeles, walimpa rilifa Tanner Scott miaka 4 kwa milioni 72, alitoka kwenye msimu wa ERA 1.75, na 2025 ikawa 4.74 na sevu 10 zikamponyoka, yaani mara 10 alishindwa kulinda uongozi. Ubingwa walichukua kweli, ila Scott hakuwa hata kwenye kikosi cha World Series, kwenye mechi za mtoano mara kadhaa alikuwa anamalizia Roki Sasaki ambaye kazi yake ni kuanza mechi, na mechi ya 7 ya World Series akaimalizia Yoshinobu Yamamoto aliyekuwa ameanza mechi ya 6 siku moja nyuma. Binamu yangu nikimtajia hili anabadilisha mada.

Msimamo wangu: rilifa apewe mkataba wa miaka 2, ikizidi sana 3, na hela ya mwaka iwe kubwa tu haina neno. Ukisikia 4 au 5 pinga kwa nguvu zote, hata kama ni timu yako. Pia uliza kama mchezaji amekataa ile ofa maalum ya mwaka mmoja kutoka timu yake ya zamani, maana anayemchukua anapoteza nafasi za kuchagua vijana, na hiyo gharama watu wanaisahau kabisa.

Kingine, andika utabiri wako na tarehe kwenye daftari, maana ikifika Julai kila mtu anadai alisema. Mi langu lipo. Desemba 2025 Díaz ameenda Dodgers, miaka 3, milioni 69, nimeandika: roho inaniuma, ila miaka ni sawa.