Somo: Jinsi ya kufuatilia nishani za maofisa wa manowari za Kijerumani

Wakuu, mwezi uliopita jamaa mmoja alinitumia picha ya Msalaba wa Chuma aliotaka kuununua kwenye duka la vitu vya kale. Muuzaji alimwapia kuwa ulikuwa wa nahodha wa Königsberg, ile manowari iliyomalizwa kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, na kwa sababu ya maneno hayo bei ilikuwa imepaa. Nilimshauri asitoe hata shilingi moja kwa ajili ya hadithi. Medali za Waingereza za vita ile huwa na jina la askari na namba yake ukingoni. Msalaba wa Kijerumani kwa kawaida hauna jina. Chuma chenyewe hakisemi kilivaliwa na nani. Kinachosema ni karatasi. Ndiyo maana nimeona niandike somo hili, maana kila mwaka maswali ni yale yale.

Hatua ya kwanza: anza na mtu, usianze na chuma

Kabla ya kufungua orodha yoyote, kusanya mambo manne: jina kamili, cheo, meli aliyotumikia na mwaka aliojiunga na jeshi la majini. Hilo la mwisho ndilo watu wanalolipuuza, na ndilo ufunguo. Maofisa wa Kijerumani walihesabiana kwa mwaka wa kujiunga, na kundi la mwaka mmoja waliliita Crew. Aliyeingia mwaka 1891 ni wa Crew 91, na kundi hilo linamfuata maisha yake yote.

Mfano nitakaoutumia ni Karl von Müller, nahodha wa manowari Emden. Müller ni jina la kawaida mno Ujerumani. Tena mkuu wa ofisi ya Kaizari iliyoshughulikia vyeo na nishani za wanamaji tangu 1906 hadi 1918 naye aliitwa von Müller: Georg Alexander von Müller. Ukitafuta kwa jina la ukoo peke yake utabeba nishani za mtu mmoja ukamvisha mwingine, na nimeona kosa hilo zaidi ya mara moja. Huyu wetu ni wa Crew 91. Akiwa ofisa kijana alitumwa huku kwetu, Afrika Mashariki ya Kijerumani, kwenye manowari Schwalbe. Akaambukizwa malaria, na malaria hiyo ikamsumbua mpaka mwisho wa maisha yake.

Vyeo navyo vijue kwa Kijerumani, kwa sababu ndivyo vilivyoandikwa: Leutnant zur See, Oberleutnant zur See, Kapitänleutnant, Korvettenkapitän, Fregattenkapitän, Kapitän zur See, kisha maadmirali. Angalia sana neno Kapitän. Mwenye cheo hicho si lazima awe kiongozi wa meli, na kiongozi wa meli si lazima awe na cheo hicho.

Hatua ya pili: jua ni nishani gani, na ni ya nani

Hapa ndipo pana utamu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hadi 1918 Ujerumani ilikuwa dola moja yenye falme na miji mingi ndani yake, na karibu kila mmoja ulikuwa na nishani zake. Msalaba wa Chuma ni wa Prussia, ufalme mkubwa kuliko wote ndani ya dola hiyo. Ulianzishwa mwaka 1813 na mfalme Friedrich Wilhelm III, ukafufuliwa 1870, 1914 na 1939. Mwaka huwa kwenye mkono wa chini wa msalaba, kwa hiyo kutambua vita si kazi. Daraja la pili lilining'inizwa kwenye utepe, na mara nyingi ofisa alivaa utepe peke yake kwenye tundu la kifungo. Daraja la kwanza lilibandikwa kifuani upande wa kushoto. Katika vita vya 1914 daraja la pili lilitolewa kwa mamilioni ya watu, kwa hiyo kuwa nalo hakumfanyi mtu shujaa wa ajabu. Utepe mweusi wenye michirizi myeupe ulikuwa wa wapiganaji. Mweupe wenye michirizi myeusi ulikuwa wa wasiopigana.

Juu ya hiyo kuna Pour le Mérite, jina la Kifaransa kwa sababu aliyeianzisha mwaka 1740, Friedrich wa Pili, alikuwa mpenzi wa Kifaransa. Msalaba wa buluu, unavaliwa shingoni. Ilitolewa kwa wachache, na utawala wa Kaizari ulipoanguka Novemba 1918 nayo ikaishia hapo kama nishani ya vita.

Nishani za falme ndogo na miji ndizo zenye habari nyingi kuliko zinavyodhaniwa. Hamburg, Bremen na Lübeck zilianzisha Hanseatenkreuz mwaka 1915. Ukimkuta ofisa ana msalaba wa Hamburg, jiulize: alizaliwa huko? Aliishi huko? Alitumikia kikosi chenye undugu na mji huo? Umepata uzi wa kuufuata. Vilevile utaona wanamaji wengi wana Friedrich-August-Kreuz ya Oldenburg. Ukiitazama ramani utaona sababu: bandari kuu ya kivita ya Wilhelmshaven imezungukwa na ardhi ya Oldenburg, na mtawala wake alikuwa mpenzi wa mambo ya bahari. Waliotumikia manowari Goeben na Breslau chini ya bendera ya Uturuki utawakuta na nishani za Waosmani pia.

Kisha kuna zile zinazotugusa sisi. Katika orodha za nishani za baadhi ya maofisa wa zamani utakuta Nyota Ing'aayo ya Zanzibar, nishani aliyoianzisha Sayyid Barghash. Ukiiona, tazama na mwaka wa safari za ofisa huyo. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri la Sayyid Barghash na mizinga yake, zikimlazimisha akubali Wajerumani wachukue bara. Nishani ya adabu za kidiplomasia ilikaa kwenye vifua vya wanamaji wa dola hiyo hiyo.

Nyingine ni Kolonial-Denkmünze, medali ya makoloni iliyoanzishwa 1912. Kwenye utepe wake huwekwa vibao vidogo vyenye jina la mahali na miaka. Ukiona kibao cha DEUTSCH-OSTAFRIKA 1905/07, umesoma Maji Maji. Wanamaji wa manowari Bussard waliteremshwa pwani ya kusini vita ilipoanza, na makadirio ya wanahistoria ya waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, yanafika watu 250,000 hadi 300,000. Naomba kila anayeikusanya medali hiyo asome kibao chake kabla hajaangalia bei yake.

Hatua ya tatu: Rangliste

Hii ni orodha rasmi ya maofisa iliyochapishwa kila mwaka, na nyingi zimeshapigwa picha na kuwekwa mtandaoni bure na maktaba. Mbele ya jina utaona vifupisho: E.K. ni Msalaba wa Chuma, RAO ni nishani ya Tai Mwekundu, KO ni nishani ya Taji. Vifupisho hubadilika kidogo kutoka toleo moja hadi jingine, kwa hiyo anza na kurasa za mwanzo zenye ufunguo.

Maandishi ni ya Fraktur, herufi za kale za uchapaji wa Kijerumani. Usiogope. Herufi s ya katikati ya neno inafanana na f. B na V kubwa zinachanganya. Herufi k ndogo inafanana na t. Jifunze kwa kusoma majina ya meli unazozijua: Emden, Königsberg, Geier, Seeadler. Siku tatu tu jicho litazoea. Mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa kale ni kazi nyingine kabisa, huo unahitaji miezi.

Linganisha toleo la kabla ya vita na la baadaye. Kilichoongezeka kati yake ndicho alichopata katika kipindi hicho.

Hatua ya nne: nyaraka zenyewe

Hifadhi kuu ni Bundesarchiv, tawi la kijeshi, mjini Freiburg. Mfumo wao wa kutafuta mtandaoni unaitwa invenio na ni bure. Namba za nyaraka za wanamaji wa enzi hizo huanza na RM. RM 2 ndiyo ile ofisi ya Kaizari, Marinekabinett, mahali mapendekezo ya vyeo na nishani yalipopita. RM 92 ina madaftari ya vita ya meli kubwa na za wastani. Baadhi ya mafaili utayaona papo hapo kwenye kompyuta yako. Mengine lazima uagize na kulipia nakala. Andika barua fupi, taja namba ya faili, uliza swali moja.

Sisi tunaofuatilia wanamaji tuna bahati. Aprili 1945 Potsdam ilipigwa mabomu na nyaraka za jeshi la nchi kavu la Prussia zikateketea karibu zote. Za wanamaji zilikuwa zimehamishiwa kasri la Tambach, karibu na Coburg. Waingereza wakazichukua hadi London, zikapigwa filamu, na baadaye zikarudishwa Ujerumani. Nakala za filamu hizo ziko pia katika hifadhi ya taifa ya Marekani, mfululizo T1022. Ndiyo maana ofisa wa manowari ya mwaka 1914 anaweza kufuatilika vizuri kuliko ofisa wa nchi kavu aliyepigana Tanga.

Hatua ya tano: tarehe ya nishani si tarehe ya tendo

Emden ilishindwa na manowari Sydney ya Australia visiwani Cocos tarehe 9 Novemba 1914. Müller akawa mateka, Malta kwanza kisha Uingereza. Pour le Mérite yake ni ya Machi 1918. Miaka zaidi ya mitatu imepita katikati! Anayeangalia tarehe ya nishani peke yake atatafuta vita ya 1918 ambayo mtu huyo hakupigana. Kwa hiyo kila nishani iandikie safu tatu: tendo, tarehe ya kutolewa, na karatasi uliyoiona kwa macho yako. Safu ya tatu ikiwa tupu, iache tupu mpaka utakapoipata.

MASWALI YA WANACHAMA

Binti Utete: Shikamoo mwalimu. Nyumbani kwa bibi kuna msalaba mdogo mweusi wenye 1914, anasema babu yake aliuokota mtoni. Unaweza kuwa wa Königsberg?

Jibu: Marahaba mwanangu. Unaweza, lakini msalaba peke yake hauthibitishi. Baada ya meli kuzama, mabaharia na mizinga yao 10 waliendelea na vita nchi kavu, na wanajeshi wengine wa Kijerumani walipita huko huko. Kilicho na thamani zaidi ni maneno ya bibi. Mrekodi leo kwa simu: babu aliitwa nani, aliuokota sehemu gani, mwaka gani, alikuwa akifanya nini mtoni. Msalaba usiusugue wala usiupake mafuta. Upige picha mbele na nyuma, na uangalie alama ndogo kwenye kipete cha utepe au pini. Na usiuze kabla hujaongea na watu wa Mambo ya Kale.

Mkuu wa Mtwara: Mkuu, wanasema sumaku inatosha kutambua feki. Kweli?

Jibu: Haitoshi. Msalaba halisi mara nyingi ni kiini cha chuma ndani ya fremu ya fedha, kwa hiyo sumaku hushika katikati. Lakini feki nzuri nazo zina kiini cha chuma. Tazama pale fremu inapokutana na kiini. Jambo jingine: ukiuona wa 1939 wenye majani ya mwaloni katikati badala ya swastika, huo si feki. Sheria ya Ujerumani Magharibi ya 1957 iliruhusu nishani za vita kuvaliwa bila alama ya Wanazi, zikatengenezwa upya.

Kaka Mvita: Juzi nilikuwa Fort Jesus, nikauona mzinga wa Königsberg. Je, kuna ofisa aliyepata nishani kwa kuizamisha Pegasus, manowari ya Waingereza, pale Zanzibar?

Jibu: Hilo ni swali zuri la kuanzia utafiti wako mwenyewe, kaka. Tendo unalo: alfajiri ya 20 Septemba 1914. Meli unayo. Sasa chukua majina ya maofisa wa Königsberg kwenye Rangliste ya 1914, uyafuate moja moja mpaka baada ya vita. Na ukifika Zanzibar, vuka hadi Chapwani, kisiwa cha makaburi. Baadhi ya mabaharia wa Pegasus wamezikwa pale.

Mjukuu wa Askari: Na askari wetu waliopigana upande wa Mjerumani, nao walipewa Msalaba wa Chuma?

Jibu: Askari wa Kiafrika waliwekewa medali yao tofauti, Kriegerverdienstmedaille. Rangi ya ngozi iliamua hata chuma cha kuvaa kifuani. Mfuatilie Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam. Alikuwa askari mtoto katika vita ile, baadaye akafanya kazi melini akafika Berlin mwaka 1929. Mwaka 1934 serikali ya Ujerumani ilianzisha Msalaba wa Heshima kwa waliopigana mstari wa mbele, uliogawiwa kwa maombi, na zaidi ya watu milioni 6 wakaupata. Husen aliomba. Akakataliwa. Alikufa kambini Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Karatasi za maombi yake zipo Ujerumani hadi leo, zinasomeka.

Mjukuu wa Askari: Nimenyamaza kwa muda. Jina la babu ninalo, na kikosi chake ninakijua. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia Hifadhi ya Taifa Dar es Salaam, kwenye mafaili ya kipindi cha Mjerumani, yale yenye herufi G. Niandikie jina lake hapa kama familia imeridhia, na usisahau kuliandika kwa tahajia zote unazoweza kufikiria, maana karani wa Kijerumani aliliandika alivyolisikia.