Kupima yurea inavyopaa shambani kwa chupa ya soda

Ukishatupia mbolea ya yurea kwenye mahindi huku Kahe, udongo umelowa juujuu tu na jua la Moshi chini linawaka, kesho yake ukiinama unasikia kaharufu ka mkojo, basi hiyo ni amonia, gesi inayobeba naitrojeni ya mbolea, inaondoka na hela yako. Kiasi gani? Hapo pua haisaidii, tafuta chupa.

Ile ya soda ya lita 2. Kata kitako ila usikitupe, kifunge kwa waya juu ya mdomo kiwe kapaa ka mvua, mdomo wenyewe uache wazi hewa ipite. Ndani ning'iniza ukanda wa sponji nyembamba, upana sm 2.5 na urefu kama sm 25, ncha ya chini ikae kwenye kikopo chenye mililita 10 za asidi ya salfa ya mola 1 iliyochanganywa na gliserini asilimia 4 (asidi ndo inanasa amonia, gliserini inazuia sponji isikauke). Asidi waachie watu wa maabara wakuchanganyie, na ukiishika vaa glavu.

Sasa sehemu inayoangusha wengi, mimi nikiwemo. Mfuko wa kilo 50 kwa ekari, ukipigia hesabu duara la chupa lenye upana wa sm 10, inatoka kama gramu 0.1 tu, yaani punje chache mno, pima kwa mizani ya sonara. Mimi mara ya kwanza nilitupia kwa macho, majibu yakaja yanasema imepaa nyingi kuliko niliyoweka shamba zima, aisee nilicheka mwenyewe.

Weka chupa nne au tano zenye yurea na moja mbili bila yurea za kulinganishia, zisukume kidogo ardhini. Badilisha sponji siku ya 1, 2, 4, 7, 10 na 14, usiruke zile za mwanzo maana wiki ya kwanza ndo inapaa sana, hasa udongo wa magadi. Chupa inakinga mvua, kwa hiyo andaa vituo kadhaa vyenye yurea ile ile na kila ukibadilisha sponji hamishia chupa kituo kingine.

Sponji na kikopo vifunge, peleka maabara wasome naitrojeni. Toa ile ya chupa zisizo na yurea, kisha zidisha mara 1.74 kwa sababu chupa hainasi yote, hicho ni kipimo cha Wabrazil walioibuni. Mfano jumla ya chupa moja ikiwa miligramu 10, kwa ekari ni kilo 5 na kidogo, ukizidisha inafika 9. Na mfuko mzima una naitrojeni kilo 23!

Naitrojeni hupotea pia kwa gesi nyingine: oksidi ya nitrasi inahitaji boksi la kufunga, sirinji na mashine ya kromatografia, hiyo chupa haiwezi. Naitrojeni tupu ndo usahau kabisa, hewa yenyewe ni asilimia 78 hiyo hiyo.

Mwaka huu nimeweka chupa nyingine pale nilipofukia yurea sm 5, sponji za wiki ya kwanza bado ziko maabara.